Bunduki ya upepo ya kujaza hewa: ijue kabla hujatoa hela yako

 

Wiki chache zilizopita nilipigiwa simu usiku, saa tatu imeshapita. Ni kijana ninayemfahamu, analima mpunga ekari sita kwenye skimu na pembeni ana banda la kuku wa mayai. Akaniambia: "Bwana shamba, samahani kwa usumbufu. Kuna bunduki ya upepo nimeiona mtandaoni, hizi za kujaza hewa. Haina baruti, haina kelele, na muuzaji anasema haihitaji kibali. Ndege wananimaliza, panya nao wamejaa ghalani. Nitume advansi?"

Nikamuuliza advansi ni shilingi ngapi. Aliponitajia nikanyamaza kidogo, maana hela ile ilikuwa ni mbolea yake ya kukuzia kwa ekari zote sita. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo usitume kitu. Lala, kesho nitakupigia tuongee vizuri."

Si yeye peke yake. Tangu video za wakulima wa Ulaya wakipiga panya usiku zianze kuzunguka kwenye simu, nimeulizwa swali hili mara nyingi. Kwa hiyo leo tuna somo moja: hii bunduki ni kitu gani, inafanyaje kazi, inamilikiwaje, na je, shambani kwako inalipa?

Mimi si muuza silaha wala mwalimu wa shabaha. Ila nilipokuwa mafunzo kwa vitendo wakati nasoma stashahada, nilipangiwa shamba kubwa la nafaka. Meneja wa ghala alikuwa nayo moja, yenye nyaraka zake zote, na aliitumia kwa panya tu. Nilimshikia tochi usiku mwingi. Yeye ndiye aliyenifundisha inavyojazwa, inavyolengwa, na zaidi ya yote namna ya kuiheshimu.

1. Ni kitu gani hasa?

Bunduki za upepo ziko za aina kadhaa. Ile ya zamani ambayo wengi tuliiona utotoni ni ya springi: unakunja mtutu, springi inajikaza, ukivuta triga springi inaruka na kusukuma hewa. Ni rahisi, lakini inaruka mkononi, na kuipiga kwa usahihi kunataka mazoezi ya muda mrefu.

Hii tunayoizungumzia ni tofauti. Ina mtungi mdogo wa hewa chini ya mtutu au kwenye kitako. Hewa inajazwa humo mapema, kabla ya kupiga, kwa mgandamizo mkubwa sana. Ukivuta triga, nyundo ndogo ndani inagonga valvu, valvu inafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, hewa kidogo inatoka na kusukuma risasi. Mtungi ukijaa unapiga mara nyingi bila kujaza tena: kuna zinazotoa makumi ya risasi na kuna zinazofika mia, kutegemea ukubwa wa mtungi na nguvu ya bunduki. Kwa kuwa hakuna springi kubwa inayoruka, bunduki inatulia mkononi, na ndiyo maana inapiga kwa usahihi mkubwa.

Usidhani ni teknolojia ya jana. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya namna hii, ya Girardoni, tangu karibu mwaka 1780. Ilijazwa kwa pampu ya mkono, na kujaza mtungi mmoja kulitaka kupampu kama mara 1,500. Wapelelezi wa Marekani, Lewis na Clark, walibeba moja kwenye safari yao ya mwaka 1803 hadi 1806. Leo wanamichezo wa Olimpiki wanaopiga shabaha ya mita 10 wanatumia bunduki za hewa iliyogandamizwa, na kile kidoa cha alama kumi wanachokilenga kina upana wa nusu milimita tu.

Kwa hiyo kama mtu anakuambia "hiki ni kitoy", mwambie hapana. Hii ni silaha.

2. Hewa: hapa ndipo gharama na hatari vilipo

Tairi ya gari dogo inajazwa kama psi 32, ambayo ni baa 2 na kidogo. Bunduki hizi nyingi zinajazwa hadi baa 200, nyingine 250 au hata 300. Yaani mgandamizo wa karibu mara 90 ya tairi yako, umekaa sentimita chache kutoka shavuni mwako. Kompresa ya fundi wa pancha haikufikishi hata robo ya hapo.

Njia za kujaza ziko tatu:

- Pampu ya mkono ya mgandamizo mkubwa. Inafanana na ya baiskeli lakini imejengwa kwa hatua tatu ndani. Ni kazi ya jasho. Unapampu dakika chache, unapumzika ipoe, ndipo unaendelea. Ikipata moto sana raba zake zinaharibika.
- Mtungi mkubwa wa hewa, kama ule wa wapiga mbizi, unaounganisha na bunduki kwa mpira maalumu. Ni rahisi, lakini mtungi wenyewe lazima ukajazwe mahali penye mashine. Sasa kama uko Kilombero au Mbarali, jiulize mashine hiyo iko wapi.
- Kompresa ndogo maalumu ya umeme au ya betri ya gari. Inafanya kazi vizuri ila bei yake inaweza kukaribia ya bunduki.

Yaliyobaki hapa yashike kama unavyoshika maelekezo ya kiuatilifu:

- Usijaze gesi ya oksijeni hata siku moja. Oksijeni ya mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Wala usijaze gesi nyingine ya mitungi ya karakana. Ni hewa safi na kavu tu.
- Usipake mafuta ya injini, ya cherehani wala grisi ya kawaida kwenye sehemu ya kujazia. Kule ni grisi ya silikoni peke yake, tena kidogo.
- Jaza polepole ukiangalia geji, na usipite kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.
- Usifungue nati yoyote ya mtungi ukiwa na hewa. Sehemu ikichomoka kwa baa 200 inatoka kama risasi.
- Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Hesabu ni rahisi: bunduki iliyojazwa baa 200 kwenye joto la nyuzi 25, ikifika nyuzi 60 ndani ya gari, mgandamizo unapanda hadi karibu baa 223 bila wewe kugusa pampu.

Jambo jingine ni raba za mviringo zinazozuia hewa isitoke. Vumbi na unyevu ndio maadui zake. Raba moja ikichoka, bunduki inavuja usiku kucha na asubuhi unakuta geji iko sifuri. Kabla ya kununua uliza: raba za akiba nitapata wapi, na fundi ni nani? Kama jibu ni "agiza nje", basi jua msimu wa mavuno unaweza kupita bunduki iko ndani ya boksi.

3. Virisasi na nguvu yake

Risasi zake si za ganda na baruti. Ni vipande vidogo vyenye kiuno chembamba na sketi nyuma. Mimi naviita virisasi. Vipimo vinavyotumika sana ni milimita 4.5 na milimita 5.5. Cha 4.5 ni chepesi, kinakwenda kasi na kinanyooka zaidi. Cha 5.5 ni kizito zaidi, kinakwenda taratibu lakini kinagonga kwa uzito.

Nguvu inapimwa kwa jouli. Huko Uingereza, kwa mfano, bunduki ya upepo isiyozidi jouli 16 na kidogo inaruhusiwa England na Wales bila cheti cha silaha za moto. Ikizidi hapo inahesabiwa kama silaha nyingine yoyote ya kuhitaji cheti. Scotland wamekaza zaidi: tangu mwisho wa mwaka 2016 hata hiyo ndogo inataka leseni. Sasa zile video tunazoangalia nyingi zinatoka kwa watu wanaoishi chini ya sheria hizo. Sheria yao haivuki bahari na kifurushi.

Kwa jouli hizo 16, kirisasi cha 5.5 chenye uzito wa gramu moja kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 179 kwa sekunde. Kinatosha kabisa kumuua panya papo hapo kikimpata kichwani. Na kinatosha kabisa kutoboa jicho la mtoto, au kufanya zaidi ya hapo. Kikirushwa juu hewani kinaweza kuangukia mamia ya mita kutoka uliposimama.

Halafu kuna hili la wafugaji. Virisasi vingi vimetengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Kuku anadonoa kila kitu kidogo kinachong'aa chini, anakihifadhi kwenye firigisi pamoja na mawe yake, na sumu inaingia mwilini hadi kwenye yai. Ukipiga panya kwenye uwanja wa kuku na virisasi vikabaki chini, unaweza kuwalisha wateja wako sumu bila kujua. Yule kijana wangu ana kuku wa mayai. Hili hakuwa amelifikiria hata kidogo. Na wewe mpigaji, nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza, usiviweke mdomoni, na viweke mbali na watoto.

4. Kulenga: kirisasi hakiendi mstari mnyoofu

Vijana wengi wanadhani ukifunga darubini basi msalaba ulipo ndipo kirisasi kitakapopiga. Sivyo. Darubini imekaa juu ya mtutu kwa sentimita 4 au 5, na kirisasi kinaanza kuanguka mara tu kinapotoka. Kwa hiyo msalaba na kirisasi vinakutana kwenye umbali fulani tu, ule uliorekebishia darubini yako.

Tuchukue mfano wa kirisasi kile cha 5.5, darubini umeirekebisha kwa mita 30. Kwa hesabu, mambo yanakwenda hivi:

- Mita 5: kinapiga chini ya msalaba kwa sentimita moja hivi.
- Mita 15: kinapiga juu kwa sentimita 2 hivi.
- Mita 30: kinapiga penyewe.
- Mita 45: kinapiga chini kwa zaidi ya sentimita 10.

Kichwa cha panya kina upana wa sentimita 2 hadi 3. Ona sasa: ukikosea kukadiria umbali, unamkosa au unamjeruhi. Upepo nao unasukuma kirisasi pembeni, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo unavyozidi kukosea.

Meneja yule alikuwa na kanuni moja ambayo naikubali mpaka leo. Chora duara la sentimita 3 kwenye karatasi. Piga tano. Zote tano zikiingia ndani ya duara kwenye mita 20, basi mita 20 ndio mwisho wako kwa kiumbe hai. Zikiingia nne, sogea karibu. Haijalishi bunduki inaweza kufika wapi; kinachohesabika ni wewe unaweza nini siku hiyo, kwa mkao huo, kwenye mwanga huo. Mnyama hata kama ni mharibifu hastahili kufa kwa kuteseka siku mbili kwenye shimo lake.

Na mazoezi yana gharama. Makopo ya virisasi yanaisha, muda unaisha, hewa inaisha. Kumbuka pia kwamba bunduki isiyo na kirekebisha hewa ndani hubadilika kasi kadiri mtungi unavyopungua. Risasi za mwisho zinaanguka chini kuliko za katikati. Jua geji inaposoma baa ngapi unapaswa kuacha kupiga na kujaza upya.

5. Usalama: sheria za mkononi

Nitawasimulia jambo. Usiku mmoja panya alipita chini ya ukuta wa zege. Meneja, mtu mzoefu, akapiga, akamkosa. Kirisasi kikagonga zege, kikarudi na kupiga debe lililokuwa hatua mbili kutoka mguuni kwangu. Lile debe lilibonyea. Tulitazamana, hakuna aliyecheka. Kuanzia kesho yake kila kona tuliyopigia iliwekwa viroba vya mchanga nyuma, na sote wawili tukawa tunavaa miwani ya kinga.

Kwa hiyo:

- Kila bunduki ni yenye risasi mpaka wewe mwenyewe uihakikishe. Mtungi wenye hewa hauonyeshi kwa macho kama ndani kuna kirisasi au hakuna.
- Usielekeze mtutu kwa mtu, hata kwa utani, hata "haina kitu".
- Kidole kiwe nje ya triga mpaka umeshaamua kupiga.
- Jua kilichopo nyuma ya unachokilenga. Usipige kuelekea zege, jiwe, bati wala maji. Usipige juu kwenye mti ukiwa karibu na makazi.
- Ukishakoki usikoki tena bila kupiga. Kwenye bunduki nyingi unaingiza virisasi viwili mtutuni.
- Ukimaliza, hakikisha mtutu ni mtupu. Bunduki kwenye kabati la chuma lenye kufuli, virisasi kwenye sehemu nyingine, funguo mfukoni mwako. Si nyuma ya mlango, si chini ya kitanda.
- Ukinywa, hata bia moja, usiiguse.

Shamba zetu si kama zile za kwenye video. Kule mtu ana ghala peke yake katikati ya uwanda. Huku kwetu kuna watoto wanaamia ndege, kuna mama anapita na kuni, kuna jirani anamwagilia mita 40 kutoka kwako, na majani ya mpunga yanamficha. Kabla ya kuuliza bunduki inafika wapi, uliza nani yuko huko inakofika.

6. Sheria: usianzie kwa muuzaji, anzia polisi

"Haina baruti kwa hiyo haihitaji kibali." Maneno haya ndiyo yanayowaponza vijana. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na wanaosimamia umiliki ni Jeshi la Polisi. Kabla hujalipa hata shilingi moja, nenda kituo cha polisi cha wilaya, eleza aina ya bunduki, kipimo chake, nguvu yake, na unataka kuifanyia nini. Uliza utaratibu wa maombi na uufuate wote hadi mwisho. Kwa wasomaji wangu wa Kenya, huko kuna Bodi ya Leseni za Silaha, anzieni hapo.

Bunduki ikishakamatwa bandarini au nyumbani kwako, muuzaji wa mtandaoni hatakuja mahakamani na wewe.

Sheria ya pili ni ya wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009. Kumiliki bunduki hakukupi ruhusa ya kuwinda. Sungura pori, kanga, tumbili, nyani, hao wana mwenyewe, na kuwinda bila kibali ni kosa. Na hata tukiweka sheria pembeni: jouli 16 hazimuui nyani. Zinamtia kidonda na hasira, halafu anakuja kukutana na mtoto wako njiani. Nyani na wanyama wengine waharibifu ripoti kijijini na kwa afisa wanyamapori wa halmashauri.

7. Sasa tupige hesabu: inalipa?

Hili ndilo nililomwambia yule kijana kesho yake, kalamu mkononi.

Kwelea kwelea. Ndege mmoja anakula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la laki moja, ambalo kwa kwelea si kubwa, linakula tani moja kwa siku. Sasa chukua bunduki yako. Tuseme wewe ni hodari, unaua ndege mmoja kila dakika, saa nane mfululizo bila kula wala kujaza hewa. Umeua 480. Umeokoa kilo 4.8. Zilizobaki kilo 995 zimeliwa. Na bunduki yenyewe haina mlio wa kuwafukuza! Debe la mtoto anayeamia linafanya kazi kubwa kuliko bunduki yako.

Kwelea wanadhibitiwa kwa umoja. Pandeni kwa wakati mmoja kwenye skimu ili mpunga uive pamoja na hasara igawanyike. Palilieni majani yenye mbegu, maana ndiyo yanayowaita kwanza. Vuneni kwa wakati. Mkiona malalo yao, toeni taarifa mapema kwa afisa kilimo wa kata ili halmashauri iwasiliane na Wizara na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, wapulizie kwenye malalo. Mapema maana yake kabla nafaka haijaingia maziwa, si siku ya kulia.

Panya ghalani. Hapa bunduki inaweza kufanya kazi, nimeiona kwa macho. Lakini meneja yule alikuwa na ghala kubwa, na yeye mwenyewe aliniambia bunduki ilikuwa inamalizia kazi tu. Kazi yenyewe ilifanywa na usafi, mitego na kuziba matundu. Mtego unakesha, hauhitaji tochi, na hauhitaji kibali. Utege ukutani, mdomo wake uangalie ukuta, kwa sababu panya anapita kando ya ukuta. Zungushia nguzo za ghala mabati ya kuzuia panya kupanda. Inua magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kwa nafaka ya chakula, kihenge cha chuma panya hatoboi. Kwenye banda la kuku tumia wavu wa tundu dogo: nusu inchi kwa panya wakubwa, robo inchi kama unataka kuwazuia hata wadogo. Na chakula cha kuku kisilale wazi.

Jumlisha sasa gharama za upande wa pili: bunduki, pampu au kompresa, darubini, virisasi, raba za akiba, kabati la chuma, gharama na muda wa vibali, na usiku wako wa kulala. Ukiona bei ya bunduki tu, bado hujaona bei.

Je, kuna anayemfaa? Yupo. Mwenye ghala kubwa, amefuata sheria mpaka mwisho, ana mahali salama pa kuitunza, ana muda wa mazoezi, na tayari ameshafanya usafi na mitego lakini wachache wamebaki. Yupo pia mpenda mchezo wa shabaha anayepiga karatasi mahali palipotengwa. Hao wawili nawaelewa. Mkulima wa ekari sita mwenye mbolea ya kukuzia bado dukani, hapana.

Mwisho wake

Kijana alikwenda polisi. Akaambiwa asinunue chochote kabla ya kupeleka maombi na kupata majibu. Akampigia muuzaji, akamwomba risiti na nyaraka za ile bunduki. Simu ikakatwa, na mpaka leo namba haipatikani. Hebu fikiria angekuwa ameshatuma.

Hela ile ikanunua mbolea, na ikaingia shambani kwa wakati. Kiasi kidogo kilichobaki kikanunua mitego kumi na wavu wa banda. Siku niliyopita kumtembelea alinionyesha ndoo: panya kumi na moja kwa usiku mbili. Tulichimba shimo tukawafukia.

Kazi ya nyumbani kwa wiki hii: pita ghalani kwako usiku na tochi, hesabu matundu yote ambayo kidole gumba kinapita, kisha yazibe moja baada ya jingine kwa saruji au bati. Ukimaliza ndipo ujiulize kama bado unahitaji silaha.

Tukutane shambani.